Nilivunjika mguu, benki ikaniambia bima yangu ni ya kufa tu

Mzee wetu, salaam kutoka Busia ya Uganda.

Mimi ni mama wa miaka 46, nauza dagaa, hawa tunaowaita mukene. Nanunua Majanji ziwani, naanika, natia kwenye magunia, na wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo ya mpaka. Biashara hii imenisomeshea watoto wanne tangu baba yao atutoke.

Februari 2023 nilikopa benki shilingi milioni 8 za kulipa kwa miezi 24. Walikata 240,000 za bima. Sikuuliza sana, niliambiwa ndio utaratibu. Nikalipa kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja. Januari 2024 ofisa wa mikopo akanipigia simu mwenyewe. Akasema mimi ni mteja mzuri, naweza kuongezewa hadi milioni 15 kwa miezi 36. Deni langu la zamani lilikuwa limebaki 4,800,000, akasema watalikata humo humo na mimi nitabaki na kama milioni 10 mkononi. Nikakubali, maana msimu wa dagaa ulikuwa unaanza.

Siku ya kutia sahihi nilikwenda na shemeji yangu, ndugu wa marehemu. Karatasi zilikuwa nyingi na zote za Kiingereza. Mimi nilifika darasa la saba. Kiingereza cha salamu ninacho, cha mikataba sina. Ofisa alikuwa anageuza kurasa anasema, weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Nilipoona neno bima nikamuuliza, hii tena ya nini, si nililipa mwaka jana? Akanijibu mbele ya shemeji: "Hii ndiyo ngao yako mama, ukiugua au ukipata ajali, bima inalipa, hakuna mtu atakugusa." Jioni yake hata alinitumia sauti kwenye simu kunihimiza nirudi kesho kumalizia, akasema maneno hayo hayo.

Bima hiyo ya pili ilikuwa 675,000. Hawakuikata kwenye pesa zangu, waliiongeza juu ya mkopo. Kwa hiyo mkopo wangu ulianza na 15,675,000, na kila mwezi nalipa kama 615,000.

Oktoba 2024 bodaboda niliyopanda iligongwa na lori la mahindi. Mguu ulivunjika mara mbili. Nilikaa miezi mitatu na nusu bila kukanyaga sokoni. Mwanangu alipokwenda benki na karatasi za hospitali kuuliza habari za bima, aliambiwa bima ya mama yako inalipa akifa au akilemaa kabisa. Mguu uliovunjika hauhesabiwi. Mzee, nilitokwa na machozi, si kwa ajili ya pesa peke yake. Nilijiona kama mtoto aliyedanganywa kwa pipi.

Niliuza shamba dogo la mihogo nikalipa miezi niliyochelewa. Sasa natembea, biashara inarudi polepole. Lakini zile 675,000 zinaniuma. Kuna kijana hapa mjini anasema ana njia zake Kampala, nikimpa 200,000 atanirudishia bima yote na riba. Dada yangu naye anasema nisilipe mkopo mpaka benki inirudishie haki yangu. Na sijasema jambo moja: nina presha tangu 2019, na hakuna aliyeniuliza. Je, naweza kurudishiwa? Au sahihi yangu imeshanifunga?

Mama wa Dagaa, Busia

*

Mama wa Dagaa, pole sana na mguu, na pole na lile shamba la mihogo. Najua uchungu wa kuuza ardhi ili kulipia kosa ambalo si lako.

Nianze na hayo mawili ya mwisho, kwa sababu yana haraka. Kijana wa 200,000 mwache. Malalamiko haya unayapeleka mwenyewe, bure, na nitakueleza njia. Na dada yako, mwambie kwa heshima kwamba katika hili amekosea. Ukiacha kulipa, benki inapata sababu ya kukuandika kwenye daftari la wadaiwa wabaya, dhamana yako inaingia hatarini, na kila utakapofungua mdomo kuhusu bima watakujibu habari za madeni. Mteja anayelipa anasikilizwa tofauti. Lipa, na ugombane nao huku unalipa.

Sasa bima yenyewe. Nitasema wazi nilikotoka: nilikaa upande wa pili wa ile meza kwa miaka 19, nikiwa ofisa wa mikopo Mbale na kisha Soroti. Najua jinsi karatasi zinavyogeuzwa. Mwisho wa mwezi tulihesabiwa mikopo, na baadaye tukahesabiwa na bima pia. Mteja akiuliza swali refu, foleni nyuma yake inanung'unika na meneja anachungulia dirishani. Ndipo jibu fupi linazaliwa: "Ni ngao yako, mama." Nimewahi kulisema mimi mwenyewe, na wengine niliowaambia hivyo bado wananijia usiku. Kwa hiyo sikujibu kama mtu anayesimulia mambo ya kusikia.

Bima ya maisha ya mkopaji yenyewe si wizi. Ukifariki leo, Mungu apishe mbali, bima hiyo inalipa deni lililobaki, na watoto wako hawaachiwi mzigo wala mdhamini wako hafuatwi nyumbani. Benki ina haki ya kusema haikopeshi bila kinga hiyo. Wasichokuwa na haki nacho ni kukuambia inalipa ugonjwa na ajali wakati hailipi. Ulinunua kitu kimoja, ukapewa kingine. Hapo ndipo madai yako yanaposimama, na usikubali wakuhamishe hapo kwa kukueleza faida za bima kwa saa nzima.

Lile la sahihi. Sahihi ina nguvu, sitakudanganya. Lakini sahihi inathibitisha kwamba karatasi ilipita mkononi mwako, haithibitishi kwamba ulielezwa ukweli. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 2010 inasema kibali kilichopatikana kwa maelezo ya uongo kinampa aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba. Halafu ipo sheria nyingine, ya tangu enzi za wakoloni, ya kuwalinda wasiojua kusoma. Wengi hudhani inamhusu tu yule anayeweka dole gumba. Hapana. Yenyewe inamtaja mtu asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ambayo hati imeandikwa. Lugha, mama. Mtu anaweza kuwa anasoma Kiswahili vizuri kabisa, na bado mbele ya mkataba wa Kiingereza sheria ikamhesabu kuwa anahitaji kusomewa na kuelezwa. Na anayemwandikia mtu wa namna hiyo hati anatakiwa aandike humo jina lake kamili na anwani yake, kuonyesha kwamba aliandika kwa maagizo yake na kumsomea. Angalia fomu yako kama kuna mahali ofisa ameandika hivyo. Usiitegemee sheria hii peke yake, maana mawakili wa benki watasema ulifika darasa la saba, lakini itaje.

Benki Kuu ya Uganda nayo ilitoa mwongozo wa kumlinda mteja wa huduma za fedha mwaka 2011. Umesimama juu ya mambo matatu: mteja atendewe haki, huduma iwe ya kuaminika, na mambo yawe wazi. Uwazi maana yake gharama na masharti vielezwe kabla ya sahihi, si baada ya mguu kuvunjika.

Una kitu ambacho watu wengi wanaoniandikia hawana, na umekitaja kama jambo la kupita tu: ile sauti kwenye simu. Mama, usiifute. Usibadilishe simu kabla mwanao hajaihifadhi mahali pengine pawili, pamoja na tarehe na namba iliyoituma. Shemeji yako naye aandike leo, kwa lugha yake, alichosikia siku ile, atie tarehe na sahihi. Kumbukumbu ya mtu huchakaa upesi kuliko karatasi.

Hesabu nayo uijue, kwa sababu meneja atakapoanza kusema "ni 675,000 tu" utakuwa na jibu. Kwa kuwa waliiongeza juu ya mkopo, nayo inazaa riba. Malipo yako ya 615,000 kwa mwezi yananionyesha riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, karibu 26,500 za kila mwezi ni za bima peke yake. Zizidishe mara 36 utapata kama 953,000. Bima ya 675,000 inakugharimu karibu milioni moja. Kwa hiyo ukidai, dai bima pamoja na riba iliyopanda juu yake.

Kuna na ile 240,000 ya kwanza, ambayo hukuiuliza kabisa. Ulilipia kinga ya miezi 24, ukatumia miezi 11, mkopo ukafungwa. Miezi 13 iliyobaki imekwenda wapi? Deni la 4,800,000 lililokuwa tayari na bima liliingizwa kwenye mkopo mpya, likalipiwa bima upya. Umelipia mwavuli mara mbili kwa mvua moja. Ukigawa sawasawa, sehemu ya miezi 13 ni 130,000. Wanaweza kukuambia ni pungufu, kama 73,000, kwa hoja kwamba deni linapungua kila mwezi na kwa hiyo kinga ya miezi ya mwisho ni ndogo. Hoja hiyo ina mantiki, na mimi nisingepigania tofauti hiyo. Waonyeshe tu kanuni waliyotumia, kwa maandishi. Kinachokasirisha ni kurudishiwa sifuri bila neno.

Swali moja zaidi la kuwauliza: katika 675,000, ngapi zilikwenda kwa kampuni ya bima na ngapi zilibaki benki kama komisheni? Tangu Sheria ya Taasisi za Fedha iliporekebishwa mwaka 2016, benki zetu zimeruhusiwa kuuza bima, na anayeuza analipwa. Si haramu. Lakini mteja anapoambiwa "nakushauri kwa faida yako" anastahili kujua mshauri anapata nini.

Ngoja nikupeleke Uingereza kidogo, kwa sababu huko jambo hili lilitikisa benki zote kubwa. Kwa miaka mingi waliuza bima ya kulinda malipo ya mkopo, mamilioni kwa mamilioni. Waliwauzia waliojiajiri wenyewe bima ya kupoteza kazi ambayo isingewalipa kamwe. Waliwauzia wagonjwa bima isiyolipa ugonjwa wao. Wengine waliwekewa bila kujua, ikaongezwa juu ya mkopo ikazaa riba, kama yako. Benki zilikwenda mahakamani kupinga kanuni za kushughulikia malalamiko, zikashindwa mwaka 2011. Mwaka 2014 ikafika Mahakama ya Juu kesi ya mama mjane, mwalimu wa chuo, aliyekopa pauni 34,000 na kuuziwa bima ya pauni 5,780. Ilionekana kwamba asilimia 71.8 ya hizo zilikuwa komisheni, na hakuna aliyemwambia. Mahakama ikasema kumficha jambo kubwa namna hiyo kuliufanya uhusiano wa mkopeshaji na mkopaji usiwe wa haki. Mlango wa madai ulipofungwa Agosti 2019, malipo yalikuwa yanahesabiwa kwa mabilioni, na mwishowe jumla yake ilipita pauni bilioni 38.

Sheria yao haifanyi kazi Busia. Nakusimulia ili ujue kwamba wale walioanza walikuwa watu kama wewe, kila mmoja na karatasi yake, na kila mmoja aliambiwa kwanza kwamba sahihi yake imemfunga. Na huko pia walijaa watu wa kati, kama kijana wako wa Kampala, waliokula sehemu nono ya fedha za wenyewe kwa kazi ya kujaza fomu.

Sasa utaratibu. Kwanza nenda kwenye tawi uombe vitu vitatu: nakala ya mkataba wa mkopo, stetimenti ya mikopo yote miwili, na hati ya bima yenye masharti yake yote. Hiyo ya tatu watasuasua. Shikilia, maana bima imekatwa kwa jina lako na una haki ya kuona ulichonunua. Kisha andika barua. Fupi, bila matusi, bila kusimulia maisha yote. Mfano:

"Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti namba fulani. Januari 2024 niliongezewa shilingi 675,000 za bima juu ya mkopo wangu. Kabla ya sahihi ofisa wenu aliniambia, mbele ya shahidi na tena kwa ujumbe wa sauti ninao, kwamba bima hii inalipa nikiugua au nikipata ajali. Mkataba ulikuwa kwa lugha nisiyoielewa na sikusomewa masharti. Oktoba 2024 nilipata ajali, nikaambiwa bima hailipi. Naomba mnirudishie 675,000 pamoja na riba iliyotozwa juu yake, na sehemu ambayo haikutumika ya bima ya mkopo wangu wa Februari 2023. Naomba pia kujua komisheni benki iliyopokea. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya wiki mbili. Mkopo wangu naendelea kuulipa."

Iandike kwa Kiswahili, mwanao aifasiri kwa Kiingereza, ambatisha zote mbili. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri hujapeleka kitu. Wakikuambia "tutakupigia," waambie asante, nasubiri barua.

Wiki mbili zikipita kimya, au wakikataa, unapanda juu ukiwa na nakala hizo. Mwenendo wa benki unaupeleka Benki Kuu. Upande wa bima unaupeleka Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017 na wana dawati la malalamiko. Peleka kote kuwili, na kila barua itaje nyingine, wasije wakakurushiana kama mpira. Ikishindikana kabisa, kuna utaratibu wa madai madogo kwa hakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na huko huhitaji wakili. Muda unao: madai ya mkataba yana miaka 6 kisheria, kwa hiyo mkopo wa pili una nafasi hadi Januari 2030 na ule wa kwanza hadi Februari 2029. Lakini usikalie miaka hiyo. Ofisa anahamishwa, simu inaibiwa, shemeji anasahau. Na kama utataka mwanasheria wa kukusomea hati, FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, kimesaidia akina mama kwa miaka mingi.

Utakachopata sitakuahidi. Nionavyo, sehemu ya mkopo wa kwanza ni rahisi zaidi kurudishwa, maana hiyo ni hesabu tupu. Ile 675,000 itabishaniwa. Huenda wakasema kinga ya kifo ulikuwa nayo miezi yote hii, kwa hiyo hawarudishi yote. Wakikupa sehemu kubwa na kuifuta riba yake, mimi ningekaa chini nifikirie kabla ya kukataa.

Na hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu ya ile presha. Barua yako inadai pesa, haisemi "futeni bima." Usiifute kabla hujajua mambo mawili: kama mkopo unaruhusu kubaki bila kinga, na kama masharti yanakataa kulipa kifo cha mtu aliyekuwa na ugonjwa kabla ya kukopa. Kama yanakataa, na hukuulizwa swali hata moja la afya, basi hata kinga ya kifo uliyouziwa ni pungufu, na dai lako linapata uzito mwingine. Angalia pia kama kwenye fomu kuna swali la afya lililojazwa "hapana" kwa mwandiko usio wako. Nimeyaona hayo. Ukilikuta, piga picha ukurasa huo kabla ya kurudisha karatasi mezani. Kama sharti hilo la ugonjwa wa zamani halikubani, inakubidi uamue kati ya kurudishiwa fedha na kuwaachia watoto kinga hiyo kwa miezi iliyobaki. Uamuzi huo ni wako na wanao, si wangu.

Hati ya bima ikifika mkononi, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoorodhesha yasiyolipwa. Nitumie picha yake hapa hapa. Nitakufasiria neno kwa neno kabla hujarudi kwa meneja.